Kompyuta Inawaka Lakini Skrini ni Giza Totoro? Cheki Hizi Vitu Kabla Fundi Akukule Doo

Form ni hii. Unabonyeza pawa, feni inaanza kuzunguka, taa ya mbele inawaka, halafu skrini inabaki nyeusi kama sufuria ya githeri. Hakuna logo, hakuna Windows, hakuna kitu. Na kazi ya watu inafaa kuwa imeingia kesho asubuhi.

Maze, nimewahi kuwa hapo. Nikiwa bado chuo nilikuwa na mashine ya ex-UK. Siku moja ikakataa kuonyesha picha. Fundi akaifungua, akaiangalia kama dakika mbili, akaniambia mazabodi imeenda na kuitengeneza ni hasara. Nikaamini. Nikaiuza kama spea kwa beshte wa mtaa, thao nne, projekti yangu ya semista ikiwa bado ndani ya diski. Wiki hiyo hiyo jamaa akanitumia mesej: ametoa RAM, akaisugua na raba ya penseli, akairudisha, mashine ikawaka. Mafaili yangu yote yalikuwa hapo. Alinitumia hiyo projekti, lakini siku ya mwisho ya kuipeana ilikuwa imeshapita.

So skiza. Feni kuzunguka bila picha haimaanishi mashine imekufa. Mara mingi ni kitu kidogo kimelegea, kimeshika vumbi ama kimechomekwa pahali si pake. Siri ni mpangilio: anza na vitu vya bure, vya doo vikuje mwisho. Na ujaribu kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano pamoja, ikiwaka hautajua ni gani ilikuwa inasumbua.

Kabla ya yote, pumua. Mafaili yako yanakaa kwa diski, na skrini kukosa picha haifuti diski. Mtu akikuambia dawa ni kufomati, mwambie asante, uende.

1. Anza na monita yenyewe

Cheki taa ya monita. Kama haiwaki kabisa, shida ni waya wake wa stima, soketi ama monita. Jaribu waya mwingine na soketi ingine.

Kama taa inawaka, chomoa ule waya wa picha nyuma ya sanduku (hilo wengi huita CPU) uache monita peke yake. Monita nyingi zitaandika kwamba hazipati signal. Ikiandika, monita iko fiti. Isipoandika chochote, zima taa za keja, mulika skrini na tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu kwa giza, taa ya ndani ya monita ndio imekufa na kompyuta yako haina makosa.

Halafu bonyeza batani za monita, uingie kwa menu, ucheki imewekwa isome mlango gani. Waya ukiwa kwa HDMI na monita inangoja VGA, mtangojana hadi Krismasi.

2. Waya na tundu

Chomoa waya wa picha pande zote mbili, cheki kama pini za VGA zimepinda, urudishe kwa nguvu ya kiasi na ukaze zile skrubu. Kama uko na waya mwingine, jaribu huo. Ama beba monita ya jirani. Ama chomeka kwa TV ya HDMI ya hapo sitting room, mathe ataelewa.

Sasa hapa ndio wengi hushikwa. Cheki nyuma ya sanduku. Kama kuna kadi ya grafiki, utaona tundu za picha pahali mbili: juu karibu na za USB, na chini zikiwa zimelala kwa mstari wao. Waya unafaa kuenda kwa zile za kadi, hapo chini. Ukichomeka za juu, mashine nyingi hazitatoa kitu.

Mashine kama Dell OptiPlex 7010 na HP EliteDesk 800 G1 huja na VGA na DisplayPort, bila HDMI. Kwa hivyo watu hununua adapta, na adapta za bei ya chini hufa haraka. Jaribu bila adapta kama monita yako iko na VGA. Pia jua kwamba waya wa kutoa DisplayPort kwa kompyuta kupeleka HDMI kwa monita kwa kawaida hufanya kazi upande mmoja tu. Ukiugeuza, hakuna picha.

3. Mashine iko macho ama imelala?

Hii testi ni ya bure na wengi hawaijui. Washa, ngoja kama dakika mbili, halafu bonyeza Num Lock ama Caps Lock kwa kibodi. Taa ikiwaka na kuzima ukibonyeza, kuna uwezekano mkubwa mashine imewaka vizuri hadi Windows, ni picha tu haifiki kwako.

Hapo bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kwa Windows 10 na 11 hiyo hureseti draiva ya picha. Isiposaidia, bonyeza Windows na P, halafu mshale wa chini na Enter, kwa sababu pengine iliachwa ikituma picha kwa skrini ya pili yenye haiko.

Ukiona logo ya Dell ama HP halafu ndio giza linaingia, vyuma viko sawa, shida iko kwa Windows. Ikianza kulodi, shikilia batani ya pawa hadi izime. Rudia hivyo kama mara tatu, na itafungua ukurasa wa kujirekebisha wenyewe. Ingia Safe Mode, utoe draiva ya grafiki, urestati.

Lakini taa ya kibodi isipobadilika na hakuna logo, mashine imekwama kabla ya Windows. Twende ndani zaidi.

4. Skiza bip, angalia taa

Mashine za ofisi hujaribu kukuambia ni nini inauma. Dell OptiPlex nyingi za zamani hulia bip: mbili maana yake haioni RAM, saba ni prosesa. Dell za miaka ya karibuni hutumia taa ya batani: ikiblinki rangi ya machungwa mara mbili na nyeupe mara tatu, haioni RAM. HP za ofisi za karibuni huwasha nyekundu halafu nyeupe: nyekundu tatu na nyeupe mbili ni mambo ya RAM.

Kodi hubadilika kwa kila modeli, kwa hivyo hesabu bip ama blinki, andika, halafu tafuta kitabu cha modeli yako kwa intaneti. Namba ya modeli iko kwa stika ya sanduku.

5. Kabla ufungue

Zima, chomoa waya wa stima kwa ukuta, halafu bonyeza batani ya pawa kwa sekunde kumi ndio stima iliyobaki iishe. Gusa chuma ya sanduku kabla uguse kitu ndani, kwa sababu stima ya mwili wako inaweza kuua RAM bila wewe kuskia. Usifungulie sanduku juu ya blanketi. Piga picha na simu vile waya zimekaa, itakusaidia wakati wa kurudisha.

Kama kuna vumbi, lipeperushe na brashi kavu. Usipulize na mdomo, mate hayafai hapo.

6. RAM, mshukiwa namba moja

RAM ni zile vijibao ndefu nyembamba zimesimama kando ya prosesa. Fungua vishikizo vya pembeni, itoe. Utaona mstari wa dhahabu chini. Sugua huo mstari pole pole na raba ya penseli, pande zote mbili, halafu pangusa makombo ya raba na kitambaa kikavu. Usiache kombo hata moja liingie kwa sloti.

Rudisha RAM ukifuata ile alama iliyokatwa, ukandamize hadi uskie klak. Wengi huogopa kukandamiza, inabaki nusu ndani, na hiyo nusu pekee inatosha kukunyima picha.

Kama ziko mbili, washa na moja tu. Ikikataa, ihamishe sloti ingine. Ikikataa tena, jaribu ile ya pili vivyo hivyo. Ngoja hata dakika mbili kila mara, kwa sababu mashine zingine huchukua muda kusoma RAM upya. Ikiwaka na moja na kukataa na ingine, umepata mwizi. Ukienda kununua, beba ya zamani ama soma stika yake: DDR3 haiingii kwa sloti ya DDR4.

7. Kadi ya grafiki

Kama unayo, itoe, uchomeke waya wa picha kwa mazabodi. Ikileta picha, shida ni kadi ama sloti yake. Irudishe vizuri, ukicheki kama inahitaji waya wake wa stima kutoka kwa pawa saplai. Watu husahau huo waya sana.

Chunga kitu kimoja: si kila prosesa iko na grafiki yake. Intel zenye zinaishia na F, kama i3-12100F, hazina. Ryzen 5 3600 pia haina. Na hizo, bila kadi hautaona kitu hata mashine ikiwa nzima kabisa.

8. Ile betri ya mviringo

Kwa mazabodi kuna betri kama ya saa, CR2032, ya volti 3. Ndio hutunza saa na setingi za BIOS. Kama tarehe ya mashine imekuwa ikijirudisha nyuma, betri imechoka. Waya wa stima ukiwa umechomolewa, itoe, ngoja dakika tano, urudishe ama uweke mpya. Setingi zitarudi za kiwandani, na hiyo pekee huponya mashine zenye zilikwama baada ya mtu kuchezea BIOS.

Ikiwaka ikuulize kii ya BitLocker, usihamaki. Ni namba ya tarakimu 48, na mara mingi iko kwa akaunti yako ya Microsoft.

9. Pawa saplai

Feni kuzunguka haithibitishi kwamba stima inafika kila pahali. Karibu na prosesa kuna waya mdogo wa pini nne ama nane. Ukilegea, feni zitazunguka na prosesa haitaamka. Ukandamize. Ukikaa sawa na bado ni giza, azima pawa saplai nzima ya kutesti. Mashine nyingi za ofisi za Dell na HP hutumia aina yao wenyewe, kwa hivyo usinunue ya kawaida kabla ulinganishe pini.

Na hii ni amri: usifungue pawa saplai yenyewe. Ndani kuna kapasita zinaweza kushika stima hata baada ya kuchomoa kwa ukuta. Hiyo si ya kujaribu na bisibisi ya jikoni.

10. Sasa unaweza kuenda kwa fundi

Ukifika hapa bado ni giza, imebaki mazabodi ama prosesa. Cheki kama kapasita za mazabodi, zile mapipa madogo, zimefura juu ama zimevuja. Hiyo ni kazi ya fundi, na kuna mafundi wasafi sana Luthuli na mitaani. Lakini sasa unaenda ukijua kuongea. Mwambie: nimebadilisha waya, nimejaribu RAM moja moja, nimetoa kadi, nimereseti BIOS. Mwambie ajaribu na RAM na pawa saplai yenye inafanya kazi, ukiwa hapo unaona. Akisema mazabodi imeenda, muulize amejuaje. Fundi wa ukweli hatakasirika, atakuonyesha.

Na kabla uache mashine kwa mtu, ama uiuze kama spea, toa diski. Ni waya mbili na skrubu chache, ama skrubu moja kama ni ile ndogo bapa ya M.2. Ukiiweka kwa kava ya USB inayoingiana nayo, unaichomeka kwa kompyuta ya beshte na kazi yako inaendelea usiku huo huo.

Mimi thao nne ilitumika ikaisha, na hiyo mashine bado inapiga kazi kwa beshte wangu hadi wa leo. Raba ya penseli ingenitosha. Anza na raba, msee.