Herufi Chini ya Dainamo

Mlima Kitonga, hapa wilayani Kilolo, hauna huruma na rejeta. Malori husimama pembeni yakifuka mvuke, utingo akikimbilia dumu la maji. Volkswagen ya mgongo wa duara haihitaji dumu. Haina rejeta kabisa: injini iko nyuma, na silinda zake 4, zilizolala mbili kila upande, hupozwa na upepo wa feni. Ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962.

Lakini imebeba injini gani? Usiamini mwaka wa gari. Mafundi wamehamisha injini sana kutoka gari hadi gari. Fungua kifuniko cha nyuma, futa grisi kwenye bloku, chini ya kiti cha dainamo. Namba imegongwa hapo, ikianza na herufi. Kwa injini za kuanzia Agosti 1965, D ni cc 1200, F ni 1300, H ni 1500. Kupima upana wa pistoni hakutakusaidia kutenga D na F, zote ni milimita 77. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, 64 dhidi ya 69. Na kama fundi alibadilisha silinda na pistoni tu, herufi imebaki ile ile ya zamani.