Sare na Mikono Iliyoishona

Mimi si katika wale wanaotaka sare za shule ziondolewe. Nimewasikia wakisema kwamba ni mabaki ya ukoloni, na kweli kaptula ya kaki imetoka huko. Lakini mtoto wa mchuuzi wa samaki anapoketi dawati moja na mtoto wa hakimu, wote wamevaa mashati meupe na hakuna wa kumcheka mwenziwe, jambo jema limetendeka. Ninachouliza ni kwa nini usawa huo tunaupima kuanzia lango la shule tu, wala hatuufuati uzi mpaka ulikotoka.

Sisi watu wa pwani na bara yake tunayo sababu ya kuuliza hivyo, kwa kuwa lugha yetu wenyewe inatoa ushahidi. Wazee wetu walikiita kitambaa cha pamba kisichopaushwa "marekani", na jina hilo lilikuwa na maana yake. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilileta majora ya kitambaa hicho, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kilikuwa kitambaa kizito, imara, kikapata sifa kuliko vingine vilivyoletwa. Misafara iliyokwenda bara ilikibeba kama fedha. Kwa doti za marekani, kila doti yadi 4, watu walilipa hongo Ugogo, walinunua mtama na pembe, na walinunua binadamu.

Na nani alikitengeneza? Katika viwanda vya Massachusetts, hasa mji wa Lowell, mashine zilisimamiwa na wasichana waliotoka mashambani. Siku yao ya kazi ilipita saa 12, nao waligoma mwaka 1834, wakagoma tena 1836. Pamba yenyewe ilitoka majimbo ya kusini, ambako waliolima na kuichuma walikuwa Waafrika watumwa. Basi tazama mzunguko huo. Mtu aliyeuzwa upande mmoja wa bahari alichuma pamba, na kitambaa kilichofumwa kwa pamba ya namna hiyo kikaja upande wa pili kumnunua mtu mwingine. Huyo Waters alikuwa mcha Mungu, na katika shajara yake alionyesha kuchukizwa na utumwa aliouona Unguja. Hata hivyo biashara yake iliendelea. Simtaji ili nimhukumu. Ninamtaja kwa sababu namwona ni mtu wa kawaida kabisa, mwenye dhamiri iliyotazama soko la watumwa na isiyotazama jora lililo ghalani mwake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata njia hiyo. Pamba ya kusini haikufika viwandani, marekani ikawa adimu Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake. Mwaka 1864, vita vingali vikipiganwa, Askofu Tozer alianza shule yake Unguja na wavulana 5 waliookolewa utumwani. Shule zetu za kimisheni zilizaliwa katika zama hizo, na mtoto aliyeingia humo jambo la kwanza lilikuwa kuvishwa upya.

Tulipata kipindi kifupi cha kuujua uzi. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza nako kukawa na Mwatex. Pamba ikitoka Usukuma ilisokotwa na kufumwa nchini, na fundi wa barazani akaikata kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, akiacha pindo la kuteremshwa mwakani. Haikuwa pepo. Mkulima alipangiwa bei, na malipo yalichelewa. Lakini kila mkono ulikuwa na anwani, na aliyedhulumiwa alikuwa na mlango wa kugonga. Baadaye viwanda vilidhoofika kwa ukosefu wa vipuri na umeme, biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1996 Urafiki ikawa ya ubia, China ikichukua asilimia 51.

Tangu hapo uzi umekuwa mrefu mno. Kwa miongo mingi nchini Uzbekistan wanafunzi walitolewa madarasani kila msimu wa mavuno kwenda kuchuma pamba ya serikali, na pamba hiyo ikauzwa Bangladesh na China. Ni baada ya mavuno ya 2021 tu ndipo Shirika la Kazi Duniani liliposema kwamba utumikishaji ule wa utaratibu umekwisha. Mtoto kukosa darasa ili mtoto mwingine apate shati! Nako Bangladesh, Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake, nao wakaamriwa warudi mashineni.

Najua jibu litakalotolewa, nami siwezi kulipuuza. Shati rahisi ndilo linalomwezesha mtoto wa maskini kusoma. Serikali zetu zilipofuta ada za shule za msingi, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, sare ilibaki mabegani mwa mzazi. Utafiti ulioanza 2003 katika shule 328 za magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba kugawa sare bure kulipunguza wanafunzi wanaoacha shule. Kwa hiyo anayesema "lipeni zaidi ili mshonaji apate haki yake" ajue anazungumza na nani.

Niliwahi kukaa katika kamati ya shule moja, tukaletewa bei mbili. Ya mfanyabiashara wa jumla, mashati ya tetroni yaliyokwisha kushonwa, asiyeweza kusema yalishonwa wapi. Na ya kina mama wanne wenye vyerehani jirani na shule, iliyozidi kwa karibu theluthi. Mzee mmoja aliwaambia, "Wanangu, punguzeni." Mkubwa wao akamjibu, "Baba, tukipunguza hapo tunapunguza chakula." Tulibishana mpaka magharibi. Mwishowe tulikubaliana kwamba kina mama washone, wazazi walipe kwa awamu tatu, na mtoto ambaye hajapata shati aingie darasani na nguo aliyo nayo. Mwalimu mkuu hakulipenda hilo la mwisho, akasema paredi itaonekana vibaya. Muhula ule paredi ilionekana vibaya kwa wiki sita.