Pakiti ya Karanga na Mikono Mingi

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Juma hili nataka tuutazame msemo huo katika uhandisi wa chakula, kwani wengi wetu tukisikia uhandisi huwaza madaraja, si kijiko cha mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtoto mwenye utapiamlo mkali alianza kutibiwa kwa maziwa maalumu yaitwayo F-100. Miongoni mwa waliyoyabuni alikuwamo daktari Michael Golden, aliyefanya utafiti miaka mingi huko Jamaika. Yalifaa sana, lakini yalikuwa ya unga, nao ulihitaji maji safi. Yakishakorogwa na kuachwa kwenye joto, viini vya maradhi huzaliana upesi. Ikabidi mtoto alazwe hospitali kwa majuma, na mama aache shamba na watoto wengine nyumbani.

Mwaka 1996 Wafaransa wawili, daktari André Briend na mhandisi Michel Lescanne, walilifumbua fumbo hilo. Sehemu ya unga wa maziwa waliiondoa, wakatia karanga zilizosagwa pamoja na mafuta, sukari, vitamini na madini. Rojo hilo halikorogwi kwa maji, na pasipo maji viini havizaliani. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, nayo huliwa vivyo hivyo. Wakaiita Plumpy'Nut.

Uvumbuzi ulitoka Ufaransa, lakini ushahidi mkubwa ulitoka Afrika. Kuanzia mwaka 2001 huko Malawi, daktari Mmarekani Mark Manary na wenzake waliwatibu watoto majumbani mwao, mikononi mwa mama zao. Mwaka 2005 maelfu ya watoto walitibiwa hivyo nchini Niger wakati wa njaa. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa, yakiwamo WHO, UNICEF na WFP, yakaunga mkono njia hiyo kwa tamko la pamoja.

Hapa ndipo nina neno. Hati ya uvumbuzi ilishikwa na kampuni ya Ufaransa, Nutriset. Mwaka 2009 mashirika mawili ya Marekani yaliipinga mahakamani, na mwaka 2010 kampuni ikawarahisishia leseni watengenezaji wa nchi zinazoendelea. Sina kinyongo na mvumbuzi kula jasho lake. Ila nauliza: mama wa Malawi aliyekubali mwanawe ajaribiwe tiba mpya, fungu lake liko wapi?

Hati hiyo sasa imekwisha muda wake. Kinachotuzuia mara nyingi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu katika karanga zilizoanikwa vibaya. Karanga zenye sumu hiyo hukataliwa kiwandani, hata kama mkulima ni jirani.

Basi tusidai fungu kwa maneno matupu. Tujenge maghala makavu na maabara za kupima karanga zetu. Ushirikiano wa kweli ni kuja mezani na kitu mkononi.