Mzimu wa Bwenini: Uvumi wa Shule za Kitengela na Kajiado kama Chanzo cha Historia

1. Utangulizi

Wanahistoria wetu wamezoea kutafuta habari za shule katika kumbukumbu za wizara, katika taarifa za wamisionari na katika madaftari ya mahudhurio. Aghalabu hawatafuti katika mabweni. Hata hivyo, shule nyingi za bweni nchini Kenya zina masimulizi ambayo hupokewa na kila kundi jipya la wanafunzi kutoka kwa kundi lililotangulia: kwamba usiku pana kitu kinachotembea. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba masimulizi hayo, japo si ushahidi wa kuwako kwa mizimu, ni ushahidi wa mambo mengine yanayostahili kuchunguzwa.

2. Kisa chenyewe

Kabla ya kwenda ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamili, mwandishi wa makala hii alipata kufundisha kwa muda katika shule moja ya wasichana upande wa Kitengela, ambayo hatutaitaja. Katika muhula wa tatu, mitihani ilipokaribia, wasichana wa bweni moja walikataa kulala. Walidai kwamba baada ya taa kuzimwa husikika nyayo juu ya paa, zikienda kutoka upande mmja hadi wa pili. Mwenye nyayo hizo alikuwa mwanamke mwenye kwato. Sababu ya kuja kwake, walisema, ni kwamba shule ilijengwa juu ya makaburi ya Wamaasai.

Msichana aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba amesikia nyayo alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kueneza uvumi. Hakuna mwalimu, pamoja na mwandishi, aliyemwuliza alisikia nini.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja Mmaasai, mlinzi wa usiku. "Mwalimu," aliniambia, "njoo usimame nami hapa saa tatu." Nilikwenda, na nyayo nilizisikia kwa masikio yangu. Nyanda za Kitengela ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali na usiku baridi huingia upesi. Mabati yaliyotanuka mchana hunywea usiku, nayo hayanywei yote kwa pamoja: bati moja hualika, kisha la pili, kisha la tatu, na mlio huo husafiri juu ya paa kama hatua za mtu. Ndipo mzee alipouliza kwa upole, "Na hao Wamaasai waliozikwa hapa, nani aliwazika?"

3. Makaburi na maneno

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyokusudia. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichochapishwa mwaka 1905, alieleza kwamba maiti wa watu wa kawaida hawakuzikwa, bali walilazwa porini wachukuliwe na fisi. Waliozikwa ni wachache, hasa waganga wakuu na wazee wenye mali, na makaburi yao yalirundikiwa mawe. Desturi hiyo imekwisha kubadilika, lakini kwa zama zinazodaiwa na uvumi, uwanja mzima wa makaburi ya Wamaasai chini ya shule ni jambo lisilolingana na historia. Hivyo basi mzimu huu hakuwaachia wasichana Mmaasai. Waliuleta wenyewe.

Walitoka wapi nao? Tuyatazame maneno. Mtoto wa Kikamba huwajua *aimu*, neno lenye asili moja na *mizimu* yetu. Mtoto wa Kikuyu huwajua *ngoma*, neno ambalo kwa Mswahili ni la furaha. Mtoto wa Kijaluo huwajua *jochiende*. Dhana hizi hazilingani sawasawa: mizimu ya jadi ni wahenga wenye haki juu ya jamaa zao, wala haimtokei mgeni bure bure. Bwenini, ambako hakuna jamaa, mzimu wa ukoo hana kazi. Kwa hiyo Kiswahili hutoa badala yake *jini*, neno la Kiarabu lililopita pwani, pamoja na mwanamke mwenye kwato anayejulikana sana katika masimulizi ya Mombasa. Jini hana ukoo. Aweza kumtokea yeyote. Ndiyo maana alifaa kuwa mzimu wa shule yenye watoto wa makabila mengi.

4. Mfano wa Kashasha

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi wa fadhaa ya shule katika Afrika Mashariki hauna mzimu ndani yake. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila ya kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, ikabidi ifungwe tena. Wasichana walioporudishwa makwao, hali hiyo ilitokea huko Nshamba pia. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yao mwaka 1963, hawakupata sumu wala maradhi ya mwili. Jambo moja katika taarifa hiyo lafaa litiliwe mkazo: walimu hawakushikwa.

Mwaka 2023 wasichana zaidi ya 60 wa shule ya Eregi, Kakamega, walishindwa kutembea vizuri, na baadhi ya wakuu wakataja fadhaa ya kundi. Hatudai kwamba visa hivi na kile cha Kitengela ni kimoja. Twadai tu kwamba mazingira yanafanana: vijana wengi mahali pamoja, mbali na kwao, chini ya amri kali, wasio na njia ya heshima ya kusema kwamba wameelemewa. Mwili husema, au paa husema.

5. Uvumi na ardhi

Limebaki suala la makaburi. Kwa nini wasichana walitaja Wamaasai? Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa katika sehemu kubwa ya malisho yao ya kaskazini, wakasukumwa kusini, ambako Kajiado imo. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa ranchi za pamoja. Tangu miaka ya 1980 ranchi nyingi, pamoja na ile ya Kitengela, ziligawanywa na ploti zikauzwa. Baada ya viwanda vya kuuza nje kuanzishwa Athi River mwaka 1990, wageni waliongezeka kwa kasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti ya Kajiado. Wengi wa wasichana wale walikuwa watoto wa wanunuzi wa ploti na wapangaji.

Hakuna somo lililowaambia ardhi waliyolalia ilikuwa ya nani. Uvumi uliwaambia. Ulikosea kuhusu makaburi, lakini haukukosea kwamba walikuwapo watu kabla yao, na kwamba hawapo tena pale.

6. Hitimisho

Yafaa wanafunzi wa idara zetu wakusanye masimulizi haya kama wakusanyavyo methali: wakiandika mahali, mwaka, lugha ya mama ya msimulizi, na neno hasa alilotumia, liwe mzimu, jini, pepo au shetani. Na walimu wa shule nao yafaa waulize kabla ya kuadhibu. Msichana yule wa Kitengela hakusema uongo. Nyayo zilikuwapo, alizisikia kabla ya sisi sote, nasi tukamrudisha nyumbani.