Paa ya Paa: Nyumba ya Sanaa Mjini Nairobi

Jina la nyumba hii huwatia taabu wapendao sarufi. Paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Lakini mnyama aliye hai husemwa "paa apaa", wala si "paa yapaa". Upatanisho huo ni wa kitu kisicho na roho. Basi yafaa kumfikiri yule paa wa mti, achongwaye kwa wingi na kuuzwa kwa watalii njiani, akiinuka ghafula na kupata uhai. (Paa la nyumba nalo lasikika humo kwa mbali.)

Nyumba ilifunguliwa mwaka 1965, muda mfupi baada ya uhuru wa Kenya, na huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake nchini kumilikiwa na Waafrika. Aliyeiongoza ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyefundishwa na Margaret Trowell huko Makerere. Mwaka 1959 alikuwa amekwisha kuchora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Yesu, naye Yesu amezaliwa katikati ya vilima vya Wakikuyu. Pamoja naye walikuwako mkewe Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia, Jonathan Kariara mshairi, Hilary Ng'weno mwandishi wa habari, na Pheroze Nowrojee mwanasheria. Hivyo picha, mashairi na mazungumzo vilikaa chini ya dari moja.

Njau aliwaonya wasanii wasiige, akisema kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Neno hilo ni kali, na pengine limepita kiasi, maana hakuna fundi asiyeanza kwa kumfuata mwalimu wake. Lakini lilisemwa katika mji ambao mgeni alitaka kinyago kile kile alichonunua mwenzake jana, na mchongaji alikula kwa kurudia.

Kujitegemea kulikuwa na gharama zake. Chemchemi, kituo alichokianzisha Ezekiel Mphahlele mjini humo mwaka 1963, kilisaidiwa na Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo baadaye lilijulikana kuwa lilipokea fedha za CIA, nacho hakikudumu. Paa ya Paa ilidumu kwa uhaba. Iliondoka katikati ya mji, ikahamia Ridgeways, karibu na barabara ya Kiambu, mahali penye miti na nafasi, lakini mbali na mpita njia.

Mwaka 1997 moto uliiunguza. Zilizoteketea ni kazi zisizo na nakala, kama ilivyopasa katika nyumba iliyokataza kuiga. Michoro ya Murang'a ilisalimika kwa kuwa imo ukutani mwa kanisa, mbali na Nairobi. Njau na mkewe wa pili, Phillda, walianza tena papo hapo, kwenye majivu, wakijenga kidogo kidogo.