Alupe: Vitanda Visivyo na Siku ya Kuondoka

Ukiwa Busia, upande wa Kenya, mwambie mwenye boda boda akupeleke Alupe na atakuuliza: hospitali au chuo? Zamani swali hilo halikuwepo. Alupe ilikuwa kwa wakoma, basi, na aliyepelekwa huko jamaa zake hawakuuliza atarudi lini.

Kituo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya utafiti wa ukoma katika Afrika Mashariki nzima. Kilikuja kubeba jina la John Lowe, daktari ambaye kule Uzuakoli, Nijeria, alionyesha kwamba vidonge vya dapsoni vinautibu ugonjwa huo. Ng'ambo ya mpaka walikuwa wametangulia. Kumi, kwa Wateso wa upande wa Uganda, wamishonari wa Kianglikana walikuwa na kituo chao, na Buluba, karibu na Ziwa Viktoria, mtawa Mkatoliki Mama Kevin alifungua chake mwaka 1934.

Hakuna aliyeviita vituo hivi makao ya wazee. Lakini ndivyo vilivyokuwa, polepole, kwa sababu ya namna ukoma unavyofanya kazi. Dawa huua vijidudu. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki. Tangu 1981, Shirika la Afya Duniani liliposhauri dawa zichanganywe, tiba imefupishwa hadi miezi 6 au 12. Mgonjwa anapona kwenye daftari huku mguu wake ukikanyaga mwiba bila kusikia. Jicho halifumbi, vidole havishiki kikombe. Mtu wa namna hiyo akifika miaka 70, uzee na ukoma vinakaa mwili mmoja, na hutajua kipi kimemzuia kusimama.

Hapo uuguzi si sindano tena. Ni beseni la maji kila siku, kuloweka nyayo, kusugua ngozi ngumu, kupaka mafuta, kukagua kidonda kabla hakijafika mfupani, kumkatia viatu vyenye soli laini. Kazi ya mikono, isiyo na siku ya kumalizika. Ndiyo kazi yenyewe ya kutunza mzee yeyote, na naona kinaya kwamba katika sehemu hii ya mpaka serikali iliifanya kwanza kwa watu ambao jamii haikuwataka. Kwa Wateso, wenyeji wa pande zote mbili za mpaka, wazee huketi kukizunguka chungu kimoja cha ajono, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake. Ukinyimwa nafasi penye chungu, kitanda cha hospitali ndicho kijiji chako. Wajapani waliona jambo hilohilo: walifuta sheria ya kuwatenga wenye ukoma mwaka 1996, na wengi hawakuondoka. Walikuwa wamezeeka, hawana wa kuwapokea.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisimamia utafiti wa Alupe, ilivunjika mwaka 1977. Baadaye utafiti huo ukaingia chini ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Wagonjwa wapya wa ukoma walipungua, hospitali ikafungulia mlango maradhi yote, na mwaka 2020, malori yalipopanga foleni mpakani Malaba kusubiri vipimo vya korona, Alupe ikarudia kazi yake ya zamani ya kutenga watu. Chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2022.

Na wazee wasio na ukoma? Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa haki ya kutunzwa na familia na dola. Familia imetajwa kwanza, na dola imelichukulia hilo kwa uzito: kupitia mpango wake wa Inua Jamii, tangu 2018, mwenye miaka 70 kwenda juu aliyesajiliwa anatengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinanunua unga, sukari, labda nauli ya boda boda hadi hospitali na kurudi. Wa kushika beseni ni mkaza mwana, au mjukuu akitoka shule, na hao hawamo kwenye hesabu ya Inua Jamii.