Starehe au Kati ya Mji: Kisa cha Hoteli Mbili za Nairobi

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukafunga safari kwenda mji mkubwa usioujua. Kabla hujaondoka kwenu itakupasa ujiulize: nitalala wapi? Ikiwa fedha zako si nyingi, kama zilivyo za wengi wetu, hutaweza kupata mambo mawili kwa pamoja. Itakubidi uchague ama chumba chenye raha na utulivu pembeni mwa mji, ama chumba cha kawaida kati ya mji, mahali ambapo kila shughuli yako i karibu. Watu wengi hudhani kuwa jambo hili ni la mfuko tu. Lakini lina historia yake, na hapa kwetu Kenya historia hiyo inaonekana wazi katika hoteli mbili za Nairobi.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Hapo kwanza palikuwa mahali pa malisho na kinamasi, na jina lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mji ulioota pale ulikuwa wa mbao na mabati, na kati ya mji maana yake ilikuwa stesheni. Mgeni aliyeshuka garini alitaka kulala karibu, ili asubuhi awahi ofisi na maduka. Bibi mmoja wa Kizungu, Mayence Bent, alilitambua hitaji hilo. Mwaka 1902 alianzisha hoteli ya Stanley katika barabara ya Victoria, ambayo leo ni barabara ya Tom Mboya. Haikuwa nyumba ya fahari. Sifa yake kubwa ilikuwa mahali ilipokaa. Mwaka 1905 moto uliiteketeza, lakini mwenyewe hakukata tamaa. Alihamia jengo jingine, na mwaka 1913 akafungua hoteli mpya, New Stanley, penye kona ambapo leo barabara ya Kenyatta hukutana na mtaa wa Kimathi. Tazama jinsi alivyoshikamana na kati ya mji.

Hoteli ya pili ni Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Hii ilijengwa kwenye ukingo wa mji, mbali na moshi wa gari na kelele za soko. Ilikuwa na baraza pana la kukaa jioni. Masetla wenye vyeo walikutana hapo, hata watu wakaipa jina la utani la Nyumba ya Malodi. Misafara ya kwenda kuwinda nayo ilianzia hapo. Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa amekwisha toka katika urais wa Marekani, aliitumia alipokuja kuwinda mwaka 1909.

Je, ni nani aliyechagua vema, mgeni wa Stanley au mgeni wa Norfolk? Jibu halimo katika vitanda wala vyakula, bali katika shughuli iliyomleta mtu. Mwindaji alitaka nafasi ya kukusanya wapagazi na mizigo, naye hakuwa na haraka ya kuingia dukani. Mfanyabiashara mwenye siku mbili tu angepoteza saa nyingi njiani kama angelala mbali. Kila mmoja alikuwa na haki ya kupima faida na hasara, kisha akaamua.

Lakini si watu wote waliokuwa na haki hiyo. Chini ya utawala wa kikoloni, hoteli hizo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, mtumishi au mchukuzi wa mizigo. Yeye ndiye aliyetandika kitanda ambacho hakuruhusiwa kukilalia, hata kama angekuwa na fedha za kukilipia. Mwafrika aliyekuja mjini kwa safari, kipande chake kikining'inia shingoni, alitafuta jamaa wa kumkaribisha huko Pumwani au Kariokor, wakabanana chumba kimoja. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hapakuwa na shamba la kulima, lakini mgeni alijua kuwa anapunguza chakula cha watoto wa mwenyeji wake. Huyu hakuchagua starehe, wala hakuchagua kati ya mji. Alichaguliwa mahali.

Hata utulivu wa Norfolk haukudumu. Tarehe 16 Machi 1922, umati wa watu ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa jirani, ukidai Harry Thuku afunguliwe. Polisi walifyatua risasi, na inasimuliwa kwamba baadhi ya masetla waliokuwa barazani kwa hoteli nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema waliokufa walizidi hao. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa kwa jina la Harry Thuku.

Ubaguzi wa hotelini ulianza kulegea katika miaka ya 1950, na Kenya ikapata uhuru mwaka 1963. Mji nao ulipanuka. Norfolk, iliyokuwa ukingoni, ikazungukwa na Chuo Kikuu, jumba la michezo ya kuigiza na barabara kubwa. Kwa hiyo usidhani kwamba pembeni na kati ni mambo yasiyobadilika. Mji ukikua, huvuta pembeni yake ikawa kati.

Basi, msomaji, siku yako itakapofika, usianze kwa kuuliza hoteli ipi ina mazulia mazito zaidi. Jiulize kwanza: ninakwenda kufanya nini, na nina siku ngapi? Ukienda kupumzika, nunua utulivu. Ukienda kuona mji na watu wake, lala karibu nao, ingawa kitanda ni chembamba. Na utakapokuwa ukipima hili na lile, kumbuka kwamba babu zako walitandika vitanda hivyo bila kuulizwa wangependa kulala wapi. Kuchagua ni uhuru uliogharimu damu; usiutumie ovyo.